Ngalawa ndani ya kuba: jibu kwa msomaji wa Bagamoyo

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi natengeneza filamu za maisha halisi, naishi Bagamoyo. Kituo kimoja cha sanaa huko Ujerumani kimenialika kwa wiki sita nikatengeneze filamu ya dakika 12 kwa ajili ya ukumbi wao wa kuba. Kuba lina kipenyo cha mita 15, picha inalijaza lote, na spika zaidi ya 30 zimewazunguka watazamaji. Nataka kuwaonyesha wavuvi wetu: alfajiri, safari ya baharini kwa ngalawa, na mnada wa samaki. Nimeazimwa kamera ya nyuzi 360. Ninayo pia filamu yangu ya zamani kuhusu mnada huohuo. Je, naweza kuitanua ijae kuba? Kama haiwezekani, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa mwaliko.

Nianze na lililo jepesi. Filamu ya zamani haitanuki. Kuba la kidijiti kwa kawaida hupokea picha ya duara iliyo ndani ya mraba wa pikseli (nukta zinazounda picha) 4096 kwa 4096, na duara hilo hubeba nyuzi 180 za mtazamo, kutoka ukingo mmoja wa kuba, kupitia utosini, hadi ukingo wa pili. Gawanya, utapata pikseli 23 hivi kwa kila nyuzi. Filamu yenye upana wa pikseli 1920 ukiitandaza nyuzi zote 180 itabakiwa na pikseli 10 na ushei kwa nyuzi. Nyuso zitakuwa na ukungu na kila nguzo iliyonyooka itapinda. Lakini ukiibana hadi upana wa nyuzi 40, 60 au hata 80, unaweza kuitundika mbele ya watazamaji kama dirisha, na itaonekana safi kabisa. Madirisha mawili matatu ya namna hiyo yakielea gizani ni mbinu halali, hasa kwa picha za kumbukumbu. Usiyafanye tu kuwa ndiyo filamu nzima, maana watu watauliza kwa nini hukuionyesha kwenye ukumbi wa kawaida.

Sasa la pili. Kwenye sinema tuliyoizoea wewe ndiye unayeamua mtu aangalie nini. Unakata, unasogea karibu, usichokitaka unakiacha nje ya fremu. Ndani ya kuba uamuzi huo umehamia kwenye shingo ya mtazamaji. Kwa hiyo mimi nikiletewa mpango wa filamu ya kuba, siangalii hadithi kwanza. Nautafuta mwili wa mtazamaji: amekaa au amelala, uso wake umeelekea wapi, macho yake yako usawa wa nini, na kisogoni kwake kunasikika nini. Mpango usiokuwa na majibu hayo ni filamu ya kawaida iliyovalishwa kanzu ya mtu mwingine. Wako, kwa bahati nzuri, umejaa watu walioinama, matanga yaliyo juu ya kichwa na sauti zinazotoka kila upande. Kazi iliyobaki ni kujua pa kuiweka kamera.

Chukua hiyo kamera ya nyuzi 360, isimamishe ufukweni saa nne asubuhi kwa urefu wa kifua, urekodi mnada. Kamera itaona tufe zima. Kuba litaonyesha nusu tu ya tufe hilo, nusu ya juu. Upeo wa macho utaangukia kwenye ukingo wa kuba, na kila kilicho chini ya upeo kitakatwa: mchanga, matenga, samaki, mikono inayowapindua samaki. Kitakachobaki ni anga jeupe na duara la vichwa pembezoni. Wageni wengi wa kuba huleta picha ya aina hiyo mara ya kwanza, kisha wakashangaa mnada umekwenda wapi.

Dawa ya kwanza ni kuishusha kamera. Iweke chini kabisa, usawa wa samaki, katikati ya duara la wanunuzi. Hapo dalali anakuinamia, wanunuzi wanakuinamia, vichwa vyao vinakaribia kukutana juu yako, na kuba zima linajaa watu bila wewe kufanya lolote. Mtu mzima aliyesimama mita mbili kutoka kwenye kamera iliyo chini atachukua nyuzi 40 hivi, ambazo kwenye kuba lako ni zaidi ya mita tano za ukuta. Aliyekaa katikati ya ukumbi hatauona ukubwa huo kuwa wa ajabu, kwa sababu pembe ni ileile ambayo angeiona angekaa kwenye mchanga wenyewe. Aliyekaa pembeni, chini ya huyo mtu, ataona jitu. Kumbuka hilo kabla ya kumleta mtu karibu zaidi. Uso uliojaa skrini, ambao kwenye runinga ni jambo la kila dakika, ndani ya kuba ni tukio la mara moja na lazima liwe na sababu.

Dawa ya pili iko kwenye meza ya kuhariri. Picha ya nyuzi 360 inaweza kuzungushwa ielekee popote, kwa hiyo unaweza kuiinamisha mbele nyuzi 20 au 30. Vilivyokuwa chini ya upeo upande wa mbele vitapanda na kuonekana, huku upande wa nyuma ukizama. Makuba mengine yamejengwa yakiwa yameinama tayari, na viti vyote vinatazama upande mmoja. Waulize wenyeji wako mapema, kwa sababu jibu linabadilisha kila kitu ninachokuambia hapa.

Dawa ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: tafuta mahali penye kitu juu. Kuba ni dari, nalo linataka vitu vya darini. Nyavu zilizotundikwa zikauke, huku kamera iko chini yake. Banda la makuti ambamo jua linapenya kwa vitobo. Mkono wa maji katikati ya mikoko kule Mto Ruvu unakoingia baharini, matawi yakifunga juu. Na ngalawa yenyewe: ukiilaza kamera karibu na kitako cha mlingoti, mlingoti unapanda moja kwa moja hadi utosini mwa kuba, foromali inakata anga, na tanga linajaza upande mzima. Sijui chombo kingine kilichoumbwa kwa ajili ya kuba namna hiyo.

Jambo dogo la kamera. Hizi za nyuzi 360 za bei nafuu zina lenzi mbili zilizopeana mgongo, na pale picha zake mbili zinapounganishwa pana mshono. Kilicho karibu na kamera kikipita kwenye mshono hukatika au huwa viwili. Mwelekeze dalali kwenye lenzi, mshono uwaangukie watu walio mbali. Halafu hesabu pikseli zako: kamera yenye upana wa pikseli 5760 inagawanya hizo kwa nyuzi 360, kwa hiyo ni pikseli 16 kwa nyuzi, chini ya zile 23 za kuba. Yenye 7680 inafika 21, na hiyo inatosha. Ukiweza kuazima hiyo ya pili, azima.

Tuje baharini, sehemu inayonitia wasiwasi kuliko zote katika mpango wako.

Mwaka 1955, Disneyland kule California ilifungua ukumbi wa duara ambao filamu yake ilipigwa kwa kamera 11 zilizofungwa pamoja zikitazama pande zote. Baadaye mtambo huo ulitengenezwa upya kwa kamera tisa. Idadi ni witiri kwa sababu ya akili nzuri tu ya ufundi: kila projekta inamulika kupitia mwanya ulio kati ya skrini mbili za upande wa pili. Watazamaji walisimama, na kumbi za aina hiyo huwekewa vyuma vya kuegemea. Vyuma hivyo vina kazi. Gari la kwenye filamu likikata kona, mtu aliyesimama juu ya sakafu isiyosogea hupepesuka, kwa sababu picha iliyojaa pembezoni mwa macho huuambia ubongo kuwa mwili unasogea, wakati sikio la ndani linasema hausogei. Mabishano hayo kati ya jicho na sikio ndiyo yanayoleta kichefuchefu baharini, na ndani ya kuba huja hata bila bahari.

Sasa fikiria watu 80 wa Ujerumani, wengine wametoka kula chakula cha jioni, wewe unawaletea kamera iliyofungwa kwenye ngalawa siku ya kusi. Upeo wote wa macho utapanda na kushuka kuwazunguka. Dakika mbili zinatosha kumaliza onyesho.

Bahari usiiondoe. Kinachotakiwa ni kuufunga upeo. Kamera nyingi za nyuzi 360 zina kihisi cha mwendo ndani yake, na programu yake inaweza kuushika upeo usitikisike. Hapo kinachoyumba ni chombo: mlingoti unapita kushoto na kulia juu ya anga lililotulia, na watazamaji wanaielewa bahari bila kuugua. Hata hivyo usizidishe. Sehemu ya safari iwe fupi, chombo kiende kwa upepo mwanana, na kabla na baada yake uweke picha iliyotulia kabisa. Picha hiyo unaweza kuipata bila shida wakati wa bamvua, maji yakipwa sana na mafungu yakabaki wazi. Simamisha kamera kwenye fungu, chini, uache ngalawa zipite pande zote. Bahari imewazunguka watazamaji na hakuna anayeyumba.

Kuhusu mwendo, uliza pia ukumbi unaonyesha picha ngapi kwa sekunde. Zile 24 za sinema hazifai humu, na hesabu yake ni nyepesi. Ngalawa ikikata robo ya duara, nyuzi 90, kwa sekunde mbili, picha 24 kwa sekunde zinaifanya iruke karibu nyuzi mbili kila picha. Kwenye kuba la mita 15 huo ni mruko wa sentimita 25 hivi ukutani. Jicho linauona, na ngalawa inakuwa ngalawa tatu zinazopepesa. Kwa picha 60 kwa sekunde mruko unashuka hadi sentimita 10. Kama ukumbi una 30 tu, punguza mwendo wa vitu. Kitu kinachopita taratibu kwenye kuba kina heshima yake.

Na mwanga. Ukuta wa kuba umejipinda, kwa hiyo unajitazama wenyewe. Mwanga unaopiga upande wa mashariki unarudi na kuumulika upande wa magharibi. Ndiyo sababu makuba mengi hupakwa rangi ya kijivu badala ya nyeupe, ili ukuta usirudishe mwanga mwingi. Hata hivyo, ukiweka anga la mchana upande mmoja, weusi wa upande wa pili unageuka majivu. Kwenye kompyuta yako hutaliona hilo. Picha itakuwa nzuri mezani na itafika ukumbini imechakaa.

Mtengenezaji filamu Jordan Belson alilielewa hilo zamani. Kuanzia mwaka 1957, yeye na mwanamuziki Henry Jacobs walifanya maonyesho ya picha na sauti ndani ya ukumbi wa Morrison, kuba la kuonyeshea nyota kule San Francisco, wakiwa na spika zaidi ya 30. Belson alikuwa na mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya nyota, yaani mashine ya giza, akaitumia ipasavyo: maumbo yake hayakuwa na kingo, yalitokea katika weusi na kurudi humo, na hakuna aliyejua kuba liko mbali kiasi gani. Mpaka leo giza ndilo kifaa cha bei nafuu na chenye nguvu kuliko vyote ndani ya ukumbi huo.

Nawe una giza la kutosha. Usikimbilie mchana. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, na taa zao, zamani karabai na sasa nyingi za umeme, huonekana zimetawanyika baharini. Taa chache za namna hiyo kuzunguka ukingo wa kuba, na juu nyota tupu, ni ufunguzi ambao hauhitaji neno. Tatizo ni kwamba kamera yako ndogo haitaona kitu gizani isipokuwa chengachenga. Tumia kamera ya kawaida ya picha za mnato yenye lenzi ya jicho la samaki inayoona nyuzi 180, uielekeze juu, upige picha moja kila sekunde kadhaa, kisha uziunganishe ziwe mwendo. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 inakupa duara la kama pikseli 4000, karibu sawasawa na kuba lenyewe, tena bila mshono. Alfajiri nzima, kutoka nyota hadi wekundu wa mashariki, unaweza kuipata kwa njia hiyo kwa vifaa ambavyo mpiga picha yeyote wa harusi mjini anaweza kukuazima, kama anayo hiyo lenzi.

Sauti nimeichelewesha kusudi, maana nikianza nayo siachi. Ungenibana niseme lipi litangulie, ningekuambia rekodi sauti za mnada kabla hujapiga picha hata moja.

Sababu ni ileile ya mwili. Jicho linaona mbele, sikio linasikia pande zote. Ndani ya kuba huwezi kukata kwenda kwa dalali, ila unaweza kumfanya asikike, na vichwa vyote vikageuka. Sauti itangulie kidogo, tukio lifuate. Mtu akiita kushoto, uache nafasi ya pumzi moja, ndipo tenga linamwagwa kushoto. Ukipanga filamu nzima kwa mtindo huo utajikuta unaandika mpango wa kuhariri ambao ndani yake hamna picha: kushoto mbele maji, nyuma mashine ya boti inakaribia, juu kunguru, katikati dalali anaanza kutaja bei. Huo ndio mpango wa kuwaonyesha wenyeji wako.

Kwa Bagamoyo una hazina nyingine ambayo studio haiwezi kuitengeneza. Alfajiri adhana zinatoka misikiti kadhaa, hazianzi pamoja, kila moja na umbali wake. Mtu aliyesimama ufukweni anaisikia ramani ya mji kabla hajauona. Omba ruhusa kwa maimamu, rekodi kwa adabu, na usiikatekate wala kuichanganya na muziki.

Vifaa: maikrofoni ya vinasa vinne, ile inayonasa sauti za pande zote kwa pamoja, iweke pale kamera ilipo. Mfumo wake unaitwa ambisoniki, na aliyeujenga zaidi ni Mwingereza Michael Gerzon katika miaka ya 1970. Ngazi ya kwanza hutumia chaneli nne. Ngazi ya tatu, ambayo inaonyesha mwelekeo kwa usahihi zaidi, hutumia 16. Uzuri wake ni kwamba unarekodi mara moja, kisha ukumbi wowote unatafsiri kulingana na spika zake. Chuo cha muziki cha Graz, Austria, kinatoa bure programu za IEM za kufanyia kazi hiyo, hadi ngazi ya saba. Lakini mfumo huu peke yake haukutoshi, na hapa ndipo wengi wanapokwama.

Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde. Mtazamaji aliyekaa mita mbili kutoka spika ya kulia yuko mita 13 kutoka spika ya kushoto, kwa hiyo ya kushoto inamfikia ikiwa imechelewa milisekunde 32. Sikio la binadamu huamini sauti iliyofika kwanza kuwa ndiyo inayoonyesha mahali. Kwa hiyo ukimweka dalali "katikati" kwa kumgawa kati ya spika mbili zinazotazamana, wewe uliyekaa katikati ya ukumbi kwenye meza ya kuchanganyia utamsikia katikati. Huyo wa pembeni atamsikia begani kwake. Watazamaji wengi wamekaa pembeni. Katikati pana viti vichache tu.

Dawa: sauti ya jumla, yaani mawimbi, upepo, makelele ya soko, iende kwa ambisoniki, itandae, haina haja ya mahali kamili. Sauti yenye mahali, yaani dalali, kamba inayokwaruza mlingoti, mtoto anayecheka, ipewe spika moja ya kwake, moja tu. Popote mtu alipokaa ataisikia inatoka palepale. Ili uweze kufanya hivyo lazima uwe umemrekodi dalali peke yake, kwa maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati. Ukitegemea ile ya vinasa vinne pekee, hutaweza kumtoa kwenye makelele baadaye.

Sauti nyembamba ni nyepesi kutambulika mahali zilipo, nzito si rahisi. Kunguru akipita utosini kila mtu atainua uso. Ngoma nzito ukiiweka utosini hakuna atakayejua iko juu, utakuwa umepoteza spika. Pia kuba huzikusanya sauti na kuzirusha: mtu akinong'ona upande mmoja anaweza kusikika vizuri upande wa pili. Makuba mengi ya sasa yamejengwa kwa bati lenye vitobo vidogo, spika zikiwa nyuma yake, na hilo hupunguza mwangwi, lakini halimalizi. Usichanganye sauti kavu mno wala usiongeze mwangwi wa kompyuta kabla hujausikia ukumbi wenyewe.

Kama unadhani spika 30 ni nyingi, ukumbi wa kuba wa kituo cha sanaa cha SAT kule Montreal, Kanada, ulifunguliwa mwaka 2011 ukiwa na kipenyo cha mita 18, projekta nane na spika 157. Na zamani kidogo, kwenye maonyesho ya Brussels ya mwaka 1958, banda la kampuni ya Philips lilikuwa na mamia ya spika, na muziki wa Edgard Varèse ulisafiri juu ya kuta zake kwa njia zilizopangwa. Watu hupenda kunitajia ile Sphere, kuba la maonyesho la Las Vegas. Ni kubwa kweli, ila ile haina projekta, ni skrini inayowaka yenyewe, na bajeti yake haifanani na maisha yetu. Jifunze kwa Montreal.

Kuhariri nitakusemea haraka, maana ukishafuata hayo ya juu kazi ni nyepesi. Kila unapokata, mtazamaji anahamishwa mwili mzima, naye anahitaji sekunde kadhaa kujua yuko wapi. Vipande viwe virefu. Dakika 12 zinaweza kuwa vipande 15 na zisichoshe. Pita kwa giza kutoka kimoja kwenda kingine, na uache sauti ya mahali papya iingie kabla ya picha. Maandishi ya tafsiri yanasumbua: ukiyaweka mahali pamoja nusu ya ukumbi hawayaoni, ukiyarudia mara tatu kuzunguka kuba yanaharibu giza lako. Ningekushauri uache bei zitajwe kwa Kiswahili bila tafsiri. Mtu wa Ujerumani ataelewa kinachoendelea kwa namna sauti inavyopanda. Maneno machache unayotaka yaeleweke, mpe mtu wa huko ayasome kwa Kijerumani, sauti itoke spika moja ya mbele.

Upande wa kompyuta, dakika 12 kwa picha 30 kwa sekunde ni picha 21,600. Kwa 60 ni 43,200. Picha moja ya 4096 kwa 4096 kabla ya kubanwa ni megabaiti 50 hivi, kwa hiyo hata kwa 30 unagusa terabaiti moja. Ukumbi kwa kawaida utataka picha mojamoja zenye namba mfululizo, na sauti kila chaneli faili lake. Nenda na diski mbili, nakala kila moja. Programu ya FFmpeg, ya bure, ina kichujio cha v360 kinachobadili picha ya nyuzi 360 kuwa duara la kuba. Ukihitaji kuchora kitu, Blender, nayo ya bure, ina kamera ya jicho la samaki.

Kabla ya kusafiri, lala ndani ya kuba lolote. Nairobi, kikundi cha Travelling Telescope cha Susan Murabana huzunguka mashuleni na kuba la kujazwa hewa wakionyesha mambo ya anga. Nenda ukaone mwili wako unafanya nini humo. Makuba madogo ya namna hiyo yanaweza kuendeshwa na projekta moja ya kawaida inayomulika kwenye kioo cha mbinuko, mfano wa vile vya ulinzi vya madukani, kwa njia iliyoendelezwa na Paul Bourke wa Australia. Inawezekana siku moja filamu hii ikaonyeshwa Bagamoyo kwa gharama ya projekta, kioo na turubai. Miwani ya uhalisia pepe itakusaidia kupima mwelekeo wa vitu, lakini haitakuonyesha majivu ya mwanga wala jirani aliyekaa pembeni.

Waandikie wenyeji wako wiki hii. Uliza kuba limeinama nyuzi ngapi, linaonyesha picha ngapi kwa sekunde, na ramani ya spika ikoje, kila moja na namba yake. Omba wakuwekee siku nzima ndani ya ukumbi katika wiki ya kwanza, si ya mwisho, ujaribu dakika moja tu ya mnada. Na uliza kama viti vinaweza kuondolewa ukumbini. Kama vinaweza, beba mikeka.